Kwa nini timu ya chuo inahitaji namba tatu wa kazi zote

MACHI 16 mwaka 2018, mjini Charlotte nchini Marekani, timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Virginia ilipatwa na jambo ambalo halikuwahi kuipata timu yoyote ya wanaume iliyopangwa namba moja katika mashindano ya vyuo vikuu vya nchi hiyo. Ilifungwa na timu iliyopangwa namba 16. Tena haikufungwa kwa pointi moja ya bahati, la hasha. Ilichapwa 74-54 na UMBC, yaani Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, ambacho wengi wetu tulilazimika kukitafuta kwenye ramani. Kabla ya siku hiyo, namba moja walikuwa wamekutana na namba 16 mara 135, na walikuwa wameshinda zote 135.

Simulizi iliyotawala siku zilizofuata ilikuwa ile ile ya mnyonge kumwangusha mbabe, na kwa kweli vijana wa UMBC waliistahili sifa hiyo. Lakini mimi kilichonivuta ni habari fupi iliyotoka siku tatu kabla ya mchezo, ambayo wengi waliipita tu. De'Andre Hunter wa Virginia alikuwa amevunjika kifundo cha mkono wa kushoto na asingecheza tena msimu huo. Hunter hakuwa hata miongoni mwa watano wanaoanza. Alikuwa akitokea benchi, na wastani wake wa kufunga ulikuwa pointi tisa na kidogo kwa mchezo. Mtu angeweza kuuliza: timu iliyoshinda michezo 31 na kupoteza miwili tu itaumizwaje na kukosekana kwa mtu wa akiba?

Iliumizwa kwa sababu mtu huyo wa akiba alikuwa namba tatu wa kazi zote, na timu ya chuo ikimkosa mtu wa namna hiyo hubaki na pengo ambalo kocha hawezi kuliziba kwa maneno ya mapumziko.

Kwa faida ya wanaouona mchezo huu kwa mbali, niseme kidogo kuhusu namba zenyewe. Namba moja ndiye nahodha wa mashambulizi, anapanda na mpira na kugawa. Namba mbili kazi yake kubwa ni kutupa. Namba nne na tano ni wale warefu wenye mabega, wanaokaa chini ya goli kugombea mipira inayorudi. Katikati yao yupo namba tatu, ambaye Wamarekani humwita fowadi mdogo, ingawa udogo wenyewe mara nyingi ni wa mita mbili kamili. Kwenye ubao wa kocha kazi yake haijaandikwa sana. Anatakiwa atupe kama mbili, adunde mpira kama moja ikibidi, agombee ribaundi kama nne, na akimkabili mtu yeyote kati ya hao asiaibike.

Nimekaa miaka mingi kwenye viti vya Lugogo hapa Kampala nikitazama timu za vyuo vyetu, na nimeona namba tatu anavyopatikana. Kijana mrefu kuliko wote anapelekwa chini ya goli siku ya kwanza ya mazoezi na anaambiwa asiuguse mpira kwa kuudunda. Kijana mfupi anapewa mpira. Anayebaki, ambaye si mrefu sana wala si mfupi sana, anaambiwa akae pembeni asubiri. Huyo ndiye tunamwita namba tatu. Ni kama mpishi anayekusanya mabaki ya sufuria zote na kuyaita pilau.

Sasa turudi Charlotte. Kocha wa Virginia wakati huo, Tony Bennett, alikuwa amejijengea jina kwa ulinzi. Wachezaji wake walijazana ndani ya mstari wa kufikirika mbele ya goli, wakimfungia mpinzani njia zote za kupenya na kumlazimisha atupe kwa mbali, tena kwa tabu. Msimu ule hakukuwa na timu katika daraja la juu la vyuo iliyoruhusu pointi chache kuliko wao: kama 53 au 54 tu kwa mchezo. Hadi mapumziko matokeo dhidi ya UMBC yalikuwa 21-21, na ungedhani mambo yanakwenda kama kawaida. Kipindi cha pili peke yake UMBC wakafunga pointi 53. Fikiria hilo. Walichokuwa wakikipata wapinzani wa Virginia katika mchezo mzima, UMBC walikipata katika dakika 20.

Walikipataje? UMBC ilikuwa timu ya watu wafupi wenye kasi. Mmoja wa viongozi wao, K.J. Maura, alikuwa na urefu wa mita 1.73, kimo ambacho ukikutana nacho kwenye kituo cha daladala hugeuki kutazama. Walitawanyika nje ya mstari wa pointi tatu na kuwavuta warefu wa Virginia watoke kule walikozoea kukaa. Mrefu akitoka, Jairus Lyles alimpita kama anapita mlingoti, na siku hiyo alifunga pointi 28. Mrefu akibaki ndani, mpira uliruka nje na mtu akatupa bila bughudha. Mitupo 24 ya pointi tatu walitupa, 12 ikaingia.

Dawa ya ugonjwa huo Virginia walikuwa nayo, ila ilikuwa imefungwa bandeji. Msimu mzima, kila wapinzani walipoingiza kikosi chepesi, Bennett alimtoa mmoja wa warefu wake na kumsogeza Hunter kwenye nafasi ya namba nne. Hunter ana urefu wa mita 2.01, na akinyoosha mikono, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole ni mita 2.18. Mtu wa namna hiyo anaweza kumfuata mfupi hadi nje, akarudi ndani kugombea ribaundi na mrefu, kisha upande wa pili akawa tishio la kutupa. Kwa mabadiliko hayo ya mtu mmoja timu inabadilika umbo bila kupoteza nguvu. Siku ya UMBC Bennett hakuwa na wa kumsogeza. Alikuwa na watu wa nje wazuri na watu wa ndani wazuri, na kati yao hapakuwa na daraja.

Wengine watasema kwamba katika ligi ya kulipwa ya NBA pia namba tatu wa aina hii wanatafutwa kwa tochi. Ni kweli. Lakini naamini vyuoni wanahitajika zaidi, na zipo sababu za mchezo wenyewe.

Mchezo wa chuo cha Marekani kwa wanaume ni dakika 40, wakati NBA ni 48. Mchezaji anatolewa kwa faulo tano, si sita. Timu inayoyumba ina muda mfupi wa kujirekebisha, na mrefu wake mmoja akipata faulo mbili za haraka kipindi cha kwanza, mipango yote ya kocha inavurugika. Kisha kuna Machi yenyewe. Mwaka 2018 na 2019 ziliingia timu 68, na mashindano ni ya mtoano. Ukifungwa mara moja unafungasha. Leo unacheza na timu ya warefu wanaokanyagana chini ya goli, na baada ya siku moja tu ya kupumzika unakutana na timu ya watupaji wanaokimbia kama wanafukuzwa na nyuki. Hakuna michezo saba ya kujuana kama kwenye NBA. Kocha hawezi kusajili mtu katikati ya wiki, kwa hiyo lazima awe tayari na mtu ambaye kesho anaweza kuwa kitu kingine.

Jambo jingine ni ulinzi wa kanda. NBA wana sheria inayomzuia mlinzi asisimame ndani ya eneo la goli zaidi ya sekunde tatu kama hamkabi mtu. Vyuoni sheria hiyo haipo. Mrefu anaweza kupiga kambi chini ya goli lake, wenzake wakajipanga wawili mbele na watatu nyuma, na timu pinzani ikabaki kuzungusha mpira pembeni kama watoto wanaozunguka nyumba iliyofungwa. Kila kocha anajua tundu la ulinzi huo liko wapi: katikati, karibu na mstari wa mitupo huru. Tatizo ni nani wa kumweka pale. Ukimweka mfupi, anamezwa na mikono. Ukimweka namba tano, mara nyingi hawezi kupokea, kugeuka, kuona mwenzake aliye kwenye kona na kumpa mpira kwa haraka. Anayefaa ni yule mwenye kimo cha kuona juu ya vichwa, mkono wa kutupa kutoka mita nne, na akili ya mgawaji. Umeshamjua ni nani.

Huo ulinzi wa kanda unanikumbusha timu iliyouchukulia kama dini, yaani Syracuse ya kocha Jim Boeheim, aliyeanza kuifundisha mwaka 1976. Alifika fainali mwaka 1987, akafungwa. Akafika tena mwaka 1996, akafungwa. Mwaka 2003 alikuwa na namba tatu wa miaka 18, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekulia Baltimore, jina lake Carmelo Anthony. Kijana huyo alimaliza msimu na wastani wa pointi 22.2 na ribaundi 10. Kwenye nusu fainali dhidi ya Texas alifunga 33 na kudaka ribaundi 14. Lakini mchezo ambao ningependa kila kocha wa chuo autazame ni ule wa fainali dhidi ya Kansas mjini New Orleans, Aprili 7.

Kipindi cha kwanza cha fainali hiyo aliyewasha moto ni Gerry McNamara, aliyetia mitupo sita ya pointi tatu. Kansas walipokimbilia kumkaba yeye, Anthony alipata nafasi. Walipomrudia Anthony, akagawa. Alimaliza na pointi 20, ribaundi 10 na pasi saba za kufungisha. Pasi saba kwa mtu ambaye dunia nzima ilikwenda kumtazama akifunga! Syracuse wakashinda 81-78, mtupo wa Kansas wa kusawazisha dakika ya mwisho ukazuiwa na Hakim Warrick aliyeruka kutoka ndani ya ile kanda hadi kona. Boeheim akapata ubingwa aliousubiri miaka 27.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya mtu wetu. Nasema wetu kwa sababu Luol Deng alizaliwa Wau, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, jirani yetu wa kaskazini. Familia yake ilikimbia vita ikaenda Misri, ikahamia London, na akiwa na miaka 14 Deng alivuka bahari kwenda kusoma sekondari New Jersey. Msimu wa 2003-04 alikuwa namba tatu wa Chuo Kikuu cha Duke, mita 2.06, wastani wa pointi 15.1 na ribaundi 6.9 katika mwaka wake wa kwanza na wa mwisho pale.

Duke ya mwaka huo inanifundisha zaidi kwa kushindwa kwake kuliko kwa ushindi wake. Kwenye nusu fainali mjini San Antonio walikuwa wakiongoza Connecticut kwa pointi nane zikiwa zimebaki dakika zisizofika tatu. Wakafungwa 79-78. Warefu wao watatu, Shelden Williams, Shavlik Randolph na Nick Horvath, wote walitolewa kwa faulo wakihangaika na Emeka Okafor, na mzigo wa chini ya goli ukamwangukia namba tatu. Deng alifanya alichoweza. Ila Okafor alikuwa mtu mwingine kabisa, na alifunga pointi zake zote 18 katika kipindi cha pili. Hapo ndipo uone mpaka wa ninachokisema: namba tatu wa kazi zote anaziba pengo moja, pengine mawili. Hawezi kuwa ukuta mzima.

Deng baadaye alichezea Chicago Bulls miaka mingi, akaitwa mara mbili kwenye mchezo wa nyota wa NBA, na kisha akawa rais wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini. Timu hiyo ilicheza Kombe la Dunia mwaka 2023 na Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Warefu nchi hiyo inao kama miti ya msituni. Kilichonifurahisha kwenye kikosi chake ni kwamba warefu hao wanadunda mpira, wanagawa na kutupa kutoka nje. Sitaki kudai kwamba ni kwa sababu rais wao alikuwa namba tatu, lakini pia sishangai.

Na Hunter je? Kifundo kilipona. Msimu wa 2018-19 akaingia kwenye kikosi kinachoanza na kumaliza na wastani wa pointi 15.2, huku mitupo yake ya pointi tatu ikiingia karibu 44 katika kila 100. Makocha wa vyuo wakamchagua mlinzi bora wa mwaka. Virginia ikapangwa tena namba moja, na mchezo wa kwanza ikakutana tena na timu ya namba 16, Gardner-Webb. Ikaanza vibaya, ikawa nyuma kwa pointi 14. Waliokuwa wakitazama walianza kutumiana ujumbe wa simu wenye vicheko. Safari hii ilikuwa na Hunter, aliyefunga pointi 23, na mchezo ukaisha 71-56.

Fainali ilikuwa Aprili 8 mjini Minneapolis dhidi ya Texas Tech. Kwa saa zetu ilikuwa saa kumi na dakika ishirini alfajiri ya Aprili 9. Nilikuwa macho, chai mkononi, sauti ya televisheni nimeiteremsha ili nisiwaamshe watu wa nyumbani. Kipindi cha kwanza Hunter alinisikitisha, alifunga pointi tano tu. Lakini tazama kazi aliyokuwa akiifanya upande wa pili. Alikuwa amepewa Jarrett Culver, nyota wa Texas Tech, kijana ambaye alikuwa akiwasumbua wote tangu Machi ianze. Culver alitupa mara 22 usiku ule, ikaingia mitano.

Kisha kikaja kile kipindi cha pili. Zikiwa zimebaki sekunde 22 Texas Tech walikuwa mbele 68-65. Ty Jerome, namba moja wa Virginia, alipenya hadi karibu na goli na mabeki wakamwendea. Angeweza kulazimisha. Badala yake akarusha mpira kwenye kona ya kulia, na pale alikuwa amesimama Hunter. Saa ilionyesha sekunde 12.9 mpira ulipoingia. Nililisahau lile jambo la watu wa nyumbani. Katika muda wa nyongeza alitia mwingine wa pointi tatu ulioirudisha Virginia mbele, na hawakushikwa tena. Ikaisha 85-77. Hunter alikuwa na pointi 27, ambazo 22 kati yake alizifunga baada ya mapumziko, pamoja na ribaundi tisa. Mwaka mmoja na siku 23 baada ya UMBC, Virginia walikuwa mabingwa.

Rafiki yangu mmoja ambaye ni kocha wa timu ya chuo hapa mjini hakubaliani nami. Yeye anasema Machi hushindwa na watu wa mbele, namba moja na mbili, na anakumbusha kwamba mchezaji bora wa hatua za mwisho mwaka 2019 alikuwa Kyle Guy, si Hunter. Sawa. Guy ndiye aliyetia mitupo mitatu huru kwenye nusu fainali dhidi ya Auburn zikiwa zimebaki sehemu sita tu za sekunde, na Virginia wakashinda 63-62. Bila yeye hakuna fainali. Lakini nilimuuliza rafiki yangu swali moja: mwaka 2018 Guy alikuwa wapi? Alikuwepo Charlotte. Jerome naye alikuwepo. Watu wa mbele walikuwa wale wale, kocha yule yule, ulinzi ule ule. Rafiki yangu akaagiza soda nyingine.

Ana hoja yenye nguvu zaidi, na angeitoa siku hiyo angenibana. Aprili 2025 Duke walifika nusu fainali, tena San Antonio, wakiwa na fowadi wa kazi zote pengine kuliko wote niliowataja. Cooper Flagg, mwenye umri wa miaka 18, aliongoza timu yake kwa pointi, ribaundi na pasi za kufungisha. Chini ya goli alikuwepo Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia hapa hapa Kampala na kuanza kikapu katika mitaa yetu. Walikuwa mbele kwa pointi 14 kipindi cha pili dhidi ya Houston. Wakafungwa 70-67. Flagg alifunga 27 na mtupo wake wa mwisho ukagonga chuma. Houston walikuwa na kiburi cha ulinzi ambacho dakika za mwisho mtu mmoja, hata awe na vipaji vyote, hakukivunja.

Shida nyingine ya kuwajenga watu hawa ni kwamba hawakai. Anthony alikaa Syracuse mwaka mmoja. Deng mwaka mmoja. Flagg mwaka mmoja. Hunter aliondoka mara tu baada ya ubingwa, akachaguliwa wa nne katika usajili wa NBA wa mwaka 2019. Kocha anapata namba tatu wa kazi zote Novemba, na Aprili anaanza kumtafuta mwingine.

Virginia walimtafuta. Guy na Jerome nao walikuwa wameondoka, kwa hiyo si haki kuweka kila kitu juu ya mabega ya Hunter. Mashindano ya mwaka 2020 yalifutwa kwa sababu ya corona. Mwaka 2021 walitolewa mchezo wa kwanza na Ohio, mwaka 2023 mchezo wa kwanza na Furman kwa pointi moja, na mwaka 2024 wakafunga pointi 42 tu dhidi ya Colorado State, tena mchezo wa kwanza. Oktoba mwaka huo Bennett akastaafu. Machi 2025 chuo kikatangaza kocha mpya, Ryan Odom, ambaye miaka saba kabla yake, usiku ule wa Charlotte, alikuwa amekaa kwenye benchi la pili akiwaelekeza vijana wa UMBC.